Bustani Ianze na Mbegu, Iishie na Mbegu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojaa huku mbele, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie bustani ya shule na ufundishaji wa sayansi ya mimea. Ninalo jambo moja tu la kusema, na nitalirudia mpaka liwakae: bustani ya kujifunzia haipimwi kwa mavuno. Hupimwa kwa maswali ambayo wanafunzi wameiuliza, na kwa majibu ambayo mimea yenyewe imewarudishia.

Hapo ndipo yanapotoka maombi yangu mawili. La kwanza, bustani ianze na mbegu, isianze na miche iliyoletwa ikiwa imeshasimama. La pili, iishie na mbegu, yaani sehemu ya mimea iachwe itoe maua, izae, ikaukie palepale tutani, kisha wanafunzi wenyewe wakusanye mbegu zake. Bustani nyingi za shule hupoteza ncha zote mbili. Miche huletwa na mtu mzima, mboga huvunwa zingali changa, na kinachobaki kwa mwanafunzi ni ndoo na palizi. Kumwagilia na kupalilia ni kazi za heshima, lakini mtoto anaweza kubeba ndoo muhula mzima asiweze kueleza mmea unaishi vipi.

Kabla sijaendelea, niseme la moyoni kuhusu jembe. Pale ambapo mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani hupelekwa bustanini kama adhabu, somo la mimea limeshakufa siku hiyo. Mtoto anafundishwa kwamba udongo ni mahali pa wakosaji, na hatasahau. Naomba bila kumung'unya maneno: adhabu na bustani vitenganishwe kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, walilipa jina tatizo ambalo walimu wa baiolojia tunalijua vizuri. Waliliita upofu wa mimea. Mtu anapita katikati ya majani, miti na maua asivione. Ukimwuliza ameona nini njiani, atakutajia mbwa, ndege na watu. Nasi vitabuni tunamchorea mmea umesimama wima, mishale imeuzunguka, naye anakariri majina ya mishale. Mbegu ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mbegu inatenda. Leo kavu, kesho imevimba, siku mbili tatu baadaye imetoa mzizi. Hakuna mtoto asiyeinama kuitazama.

Tuanze basi na haragwe moja. Lilowekwe usiku kucha, asubuhi kila mwanafunzi alishike lake. Pembeni kwenye upande uliobonyea kuna kovu dogo. Hapo ndipo haragwe lilipokuwa limeshikana na ganda la mama yake. Alibonye taratibu, atazame karibu na kovu hilo. Tone dogo la maji litachomoza kwenye kitundu ambacho hakukiona hata kidogo lilipokuwa kavu. Kisha avue ngozi ya juu kwa ukucha na kulifungua haragwe katikati. Nusu mbili nene ni ghala la chakula. Na pale zinapoungana, pamelala mmea mzima: kimzizi kilichochongoka, na vijani viwili vyeupe vilivyokunjwa, vina mishipa tayari. Mwenye lenzi ataiona mishipa hiyo moja moja. Hapo mwalimu anyamaze. Swali litakuja lenyewe: je, hiki kilikuwa hai hata kabla ya maji?

Jibu lisitolewe na mwalimu. Chukueni maharage mengine yaliyochemshwa, yawekwe kwenye kitambaa chenye unyevu karibu na yale yasiyochemshwa. Yote yamevimba, yote yanaonekana yameshiba maji, kwa hiyo kuvimba peke yake si dalili ya uhai. Hata mbegu iliyokufa hufyonza maji. Baada ya siku chache upande mmoja utatoa mizizi, mwingine utaanza kunuka. Mkiwa na chupa mbili za chai na vipimajoto viwili, nendeni mbele zaidi: upande mmoja mbegu zinazoota, upande mwingine mbegu zilizochemshwa na kusuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu, midomo izibwe kwa pamba. Kipimajoto cha mbegu zinazoota kitapanda. Mbegu inapumua, inatumia oksijeni na kuunguza akiba yake, na joto linatoka. Mwanafunzi aliyesoma namba hiyo kwa macho yake hahitaji tena kubembelezwa aamini kwamba mimea hupumua.

Kisha ije hesabu. Hesabuni mbegu 100, mzipange kwenye karatasi au kitambaa chenye unyevu, mkunje, msubiri, mhesabu zilizoota. Wakulima na maofisa wa mbegu hufanya hivyohivyo wanapopima uotaji. Lakini kuna sharti moja ambalo ningependa liwe sheria ya kila bustani ya shule: kabla ya kufunua kitambaa, kila mwanafunzi aandike kwa kalamu ya wino anatarajia ngapi zitaota, na kwa nini. Asiyeandika hafunui. Mtu ambaye hakutabiri chochote hashangazwi na chochote, na kushangaa ndiko kunakomfanya mwanafunzi arudi kesho.

Nataka nikae kidogo kwenye mzizi, kwa maana mzizi umetufundisha mengi. Wanafunzi wengi huuliza: nikiipanda mbegu kichwa chini, je? Ni swali zuri mno, na mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alilijibu kwa namna ambayo sijawahi kuichoka. Alifunga maharage kwenye gurudumu lililozungushwa kwa nguvu ya maji ya kijito, likizunguka kwa kasi mfululizo. Mbegu zikaota hukohuko juu ya gurudumu. Mizizi haikuelekea ardhini; ilielekea nje, mbali na katikati ya gurudumu, na vichipukizi vikaelekea ndani, katikati. Yaani mzizi haukuwa ukitafuta giza wala unyevu. Ulikuwa ukifuata mvuto, na Knight alipoubadilisha mvuto kwa mzunguko, mzizi nao ukabadili njia. Leo tunajua kwamba kwenye kofia ya ncha ya mzizi kuna chembe za wanga zilizo nzito, zinazotua upande wa chini wa seli na kuuambia mzizi chini ni wapi.

Hamhitaji gurudumu. Chupa ya kioo, karatasi yenye unyevu imeviringishwa ndani yake, na haragwe limebanwa kati ya karatasi na kioo. Mzizi ukishatoka urefu wa ukucha, ilazeni chupa ubavu. Kufikia kesho yake ncha imepinda. Wenye mikono mitulivu wachore mistari ya wino kwenye mzizi mchanga, wakiacha milimita moja au mbili kati ya mstari na mstari, kuanzia nchani. Wakirudi baada ya siku moja watakuta mistari ya juu ipo pale ilipokuwa, ila iliyo nyuma kidogo ya ncha imeachana. Kumbe mzizi haurefuki mwili mzima. Unarefukia karibu na nchani tu, na kwa hiyo unaweza kupenya kati ya chembe za udongo bila kujikwaruza wote. Hili lilikuwa maandishi kwenye kitabu, sasa limekuwa mistari mitano ya wino ambayo mtoto aliichora mwenyewe.

Kuhusu nuru nitapita haraka. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kwamba chipukizi la nyasi huhisi mwanga kwa ncha yake, ingawa linapindia chini ya ncha. Walifunika ncha, na chipukizi halikupinda. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo kwa vikofia vidogo vya karatasi ya foili kwenye vichipukizi vya mahindi au nyasi, akiacha vingine wazi, na vingine akivifunika chini ya ncha ili aone tofauti. Bila vile vya kulinganishia, hajafanya jaribio, amecheza tu na foili.

Sasa tutoke nje, tutani. Kanuni ya kawaida ni kufukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Ni kanuni nzuri. Wanafunzi waijue, kisha waivunje makusudi. Mstari mmoja wa maharage ufukiwe kwa kina kinachotakiwa, mwingine kina kirefu mno. Mbegu ina chakula cha safari yenye kikomo. Ikichimbiwa mbali sana huishiwa kabla haijafika juu kwenye mwanga. Mbegu za saladi zipandwe nyingine juujuu na nyingine chini sana, kwa kuwa aina nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote. Panapoota tazameni pia namna kila aina inavyochomoza. Haragwe hutanguliza shingo iliyopinda, likaburuta nyuma yake zile nusu mbili za ghala mpaka juu ya udongo. Njegere huziacha chini na kupandisha chipukizi peke yake. Mahindi huchomoa mkuki uliofunikwa ala. Mwanafunzi aliyeona mambo hayo matatu katika tuta moja hatachanganya tena mmea wa ghala moja na wa maghala mawili.

Nije kwenye jambo linalowatia walimu hofu kuliko yote: mbegu zisizoota, na miche inayokufa. Najua kishawishi. Mwalimu anafika asubuhi, anakuta nusu ya mstari haipo, wageni wanakuja wiki ijayo, anapanda upya kimyakimya kabla watoto hawajafika. Jamani, tusifanye hivyo. Pengo kwenye mstari ni somo lililofunguliwa ukurasa wa kwanza. Wanafunzi wachimbe palepale na kijiko, watafute mbegu. Wakiikuta ngumu na kavu, maji hayakufika, au ngozi yake haipitishi maji. Wakiikuta laini na inanuka, imeoza. Huenda udongo ulijaa maji ukakosa hewa. Wakikuta ganda tupu, kuna mdudu aliyepita. Wasipokuta kitu, waulize kuhusu ndege na panya. Na mche ukianguka ghafla, shina limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi usawa wa udongo, huo ni kinyaushi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vinavyopenda udongo uliolowa na miche iliyobanana. Hapo ndipo mtoto ataelewa kwa nini tunapunguza miche na kwa nini hatumwagilii ovyo. Mwaka ujao hatahitaji kuambiwa.

Alama pia zifuate msimamo huo. Mwanafunzi asipewe alama kwa ukubwa wa mmea wake. Apewe kwa daftari lake: tarehe, kipimo, mchoro, alichotabiri, alichokuta, anachodhani kilitokea. Yule ambaye mmea wake ulikufa siku ya kumi akaweza kueleza sababu kwa ushahidi, amefaulu kuliko yule ambaye mmea wake ulistawi naye hajui kwa nini. Na vipimo viwe vya kweli. Kama darasa limekubaliana kupima kutoka usawa wa udongo mpaka ncha ya kukua, wote wapime hivyo, siku zilezile, kwa rula ileile. Vinginevyo namba zao hazitazungumza lugha moja.

Sasa kuna swali moja ambalo ningependa liulizwe katika kila bustani ya shule, na liulizwe mapema, wakati mbegu bado iko mkononi. Mbegu hii ni nyepesi, hata huihisi kiganjani. Baada ya miezi michache itakuwa mmea wa kubeba kwa mikono miwili. Uzito wote huo umetoka wapi?

Wanafunzi wengi watasema: kwenye udongo. Si wao tu. Watu wazima wengi watasema hivyohivyo, na wataongeza kwamba mmea unakula udongo kupitia mizizi. Jan Baptist van Helmont, mzaliwa wa Brussels, aliamua kupima. Alichukua udongo uliokaushwa tanuruni, ratili 200 (ratili ni karibu nusu kilo, na wakia ni sehemu yake ndogo), akaupanda humo mche wa mti wa jamii ya Salix wenye uzito wa ratili 5. Kwa miaka 5 hakuupa kitu zaidi ya maji, na alifunika chombo ili vumbi lisiingie. Mwishoni mti ulikuwa na ratili 169 na wakia kama 3. Akaukausha tena udongo, akaupima. Ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Van Helmont akahitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji.

Hitimisho lake halikuwa kamili, na ndiyo maana nalipenda jaribio hili. Alipima vizuri, akalikataa jibu la udongo kwa ushahidi, lakini hakuwaza hewa. Na cha ajabu, huyuhuyu ndiye aliyechunguza hewa itokayo kwenye makaa yanayoungua, ile tunayoiita leo hewa ukaa. Kitu alichokuwa akikitafuta kwenye chungu alikuwa amekutana nacho kwenye moto, asivikutanishe. Watu wengine wakaendelea pale alipoishia. Joseph Priestley, mwaka 1771, aliweka tawi la mnaa kwenye chombo kilichofungwa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika kwa kukosa hewa njema. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka tena humo. Jan Ingenhousz akaonyesha mwaka 1779 kwamba sehemu za kijani ndizo zinazofanya kazi hiyo, tena zikiwa kwenye mwanga. Nicolas-Théodore de Saussure, mwaka 1804, akapima hewa na uzito kwa makini, akaonyesha kwamba kaboni ya mmea hutoka hewani na kwamba maji nayo huingia katika uzito wake. Tazameni: kutoka chungu cha van Helmont mpaka hapo ni zaidi ya miaka 150, na watu wengi, kupata kile ambacho mwanafunzi wetu hukiandika kwa mstari mmoja kwenye mtihani chini ya neno usanisinuru.

Kwa hiyo wapeni nafasi ya kuipitia njia hiyo kwa miguu yao. Pandeni mbegu kwenye ndoo ya udongo mliyoupima ukiwa mkavu kabisa. Mwisho wa msimu ng'oeni mmea, kung'uteni mizizi, kausheni udongo na mmea, mpime vyote. Mkichoma kipande cha mmea uliokauka, yatabaki majivu kidogo. Majivu hayo ndiyo sehemu kubwa ya madini yaliyotoka ardhini. Machache, lakini bila hayo mmea haukui, jambo ambalo litaonekana wazi mkipanda mbegu nyingine kwenye mchanga uliosafishwa na kuzimwagilia maji matupu. Kwanza zitastawi kwa akiba ya mbegu, kisha majani yatapauka. Mtoto atakayekuja kukwambia, "Mwalimu, huu mti umetengenezwa na hewa," mshike mkono. Ameshaelewa jambo ambalo wengi huliimba tu.

Mikunde ina habari yake. Maharage au njegere zikianza kutoa maua, chimbueni mmea mmoja taratibu, msiung'oe kwa kuuvuta, na muoshe mizizi kwenye beseni. Mtaona vinundu vidogo vimeshikana nayo. Kipasueni kimoja. Kikiwa chekundu au chenye rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini iliyo kwenye damu yetu, na ndani ya kinundu wanaishi bakteria wa Rhizobium wanaokamata nitrojeni ya hewa na kuipa mimea. Hewa ina nitrojeni asilimia 78, na mimea mingine mingi inaogelea ndani yake bila kuweza kuigusa. Vinundu hivi hubanduka kwa kidole. Uvimbe usiobanduka, ambao ni mzizi wenyewe uliofura, unaweza kuwa kazi ya minyoo fundo, nao ni adui. Wanafunzi wajifunze kutofautisha kwa vidole vyao.

Niingie kwenye ncha ya pili ya bustani, ile inayosahaulika. Najua ni vigumu kuacha mmea mzuri uzeeke. Saladi ikirefuka na kutoa maua huonekana kama uzembe, na mgeni atauliza kwa nini tuta limechakaa. Mwambieni mgeni kwamba hapo panasomwa uzazi. Pandeni maboga hata shina moja tu. Maua ya kwanza kutoka kwa kawaida ni ya kiume, yana bua jembamba, nayo huanguka, watu wakalalamika kwamba boga lao halizai. Subirini. Ua la kike linakuja na kiboga kidogo chini yake hata kabla halijafunguka. Jioni, yale yatakayofunguka kesho yafungwe midomo kwa uzi ili nyuki wasiingie. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, kateni ua la kiume, mtoe petali zake, na mguse katikati ya ua la kike mpaka vumbi la njano libaki pale. Lifungeni tena, lipeni alama. Jingine la kike libaki limefungwa bila kuguswa. Baada ya siku chache kiboga cha kwanza kitaanza kunenepa. Cha pili kitageuka njano na kuanguka. Baada ya hapo, ukisema darasani kwamba bila nyuki hatuna mavuno ya maboga, wanafunzi watakuwa wanakuthibitishia wewe.

Na mtu asidhani kwamba kazi ya bustani ni sayansi ya watoto. Gregor Mendel alifanya majaribio yake kwenye bustani ya monasteri mjini Brno, kati ya 1856 na 1863, akipanda njegere, akizipandanisha kwa mkono, na kuhesabu. Katika kizazi cha pili cha njegere za duara na zenye mikunjo alihesabu 5,474 za duara na 1,850 zenye mikunjo, takriban tatu kwa moja. Alichapisha mwaka 1866, na kwa muda mrefu wachache sana walielewa alichokuwa amekipata. Ilipofika 1900 ndipo wengine waliifikia kanuni ileile na kumrudia. Angehesabu njegere ishirini tu, uwiano ule ungejificha. Ndiyo maana nawaomba walimu wa madarasa tofauti muunganishe hesabu zenu. Mbegu kumi za mwanafunzi mmoja zinaweza kudanganya. Mbegu za shule nzima zinaanza kusema kweli.

Mnapohifadhi mbegu, jueni mlichopanda. Njegere, maharage na nyanya kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe, kwa hiyo watoto watafanana na mzazi. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na maboga kwa wadudu, kwa hiyo jirani ana mkono ndani yake. Na mbegu za zao chotara ukizipanda, kizazi kinachofuata hutawanyika: mirefu, mifupi, wa rangi hii na ile. Kwa mkulima anayetegemea shamba hiyo ni hasara. Kwa darasa la jenetikia ni tuta la thamani sana, alimradi lipewe alama na lihesabiwe.

Tahadhari nazitaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo. Mbegu zenye rangi ngeni, nyekundu au kijani au buluu iliyopakwa juu, mara nyingi zimetiwa dawa ya wadudu au ukungu. Zisishikwe na watoto kwa mikono mitupu wala kutumika darasani. Maharage mabichi yasitafunwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kila watokapo kwenye udongo.

Wapo watakaosema hawana eneo, na wapo watakaosema hawana muda kwa sababu ya mtihani. Kwa eneo, karibu yote niliyoyataja hukaa kwenye kopo, chupa, na ndoo yenye matundu chini. Kwa muda, nitasema hivi: mada za uotaji, usanisinuru, usafirishaji wa maji, mwitiko, uchavushaji na urithi zimo kwenye muhtasari tayari, na tunazifundisha kwa wiki mbalimbali kama vitu visivyojuana. Mmea mmoja unazipitia zote kwa mpangilio. Ratiba inahitaji kupangwa tangu mwanzo wa mwaka, hilo nakubali, kwa kuwa mbegu haisubiri ratiba.

La mwisho ni la kuanza nalo mwaka huu huu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal, huko Michigan nchini Marekani, alifukia chupa 20 ardhini, kila moja ikiwa na mbegu 50 za kila aina kati ya aina 21, zimechanganywa na mchanga, ili ijulikane mbegu hudumu hai kwa muda gani. Chupa zimekuwa zikifukuliwa moja moja kwa zamu. Ile ya mwaka 2021 ilikuwa bado na mbegu za gugu liitwalo Verbascum zilizoota, na chupa ya mwisho imepangiwa mwaka 2100. Beal alijua kabisa kwamba wanaomalizia hawajazaliwa.

Shule ni mahali pazuri kuliko popote kwa jaribio la namna hiyo, kwa kuwa wanafunzi hubadilika lakini shule hubaki. Mbegu mtakazovuna zikaushwe kivulini mpaka ziwe ngumu chini ya jino, zipepetwe, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, kisha bahasha ziingizwe kwenye chupa inayofungwa vizuri, mahali pakavu na pasipo na joto. Juu ya kila bahasha yaandikwe jina la mmea, tuta lilikotoka, tarehe ya kuvuna, darasa lililovuna, na asilimia ya uotaji ya siku hiyo. Nusu ipandwe na darasa linalofuata. Nusu nyingine isipandwe; kila mwaka, wiki ileile, zitolewe chache, zihesabiwe, ziwekwe kwenye kitambaa chenye unyevu, na asilimia iandikwe chini ya ile ya mwaka uliotangulia, kwenye daftari moja lisilotoka maabara.

Nimemaliza. Sasa naomba maswali, na naomba wanafunzi watangulie.